Nilivyomwonea Wivu Hodhan

Waberi, Garissa
Jumapili, baada ya Alasiri

Dadangu Mishi,

Shikamoo dada. Kabla ya yote nataka kujua goti la Mama. Je, yale majani ya shangazi yamemsaidia, au bado anashuka kitandani huku ameshikilia ukuta na kusema hana kitu? Na wewe kifua kimetulia? Watoto hawajambo? Mimi huku mwili mzima, namshukuru Mola. Jua ndilo hilo hilo, ukitoka nje mchana unahisi kama mtu amekufungulia tanuri ya mkate usoni. Lakini nimeshalizoea. Siku hizi nikipata kivuli kidogo najiona nimetajirika.

Juzi ulinitumia sauti kwenye simu ukasema, "Riziki, mbona unanijibu neno moja moja kama shahidi mahakamani? Una nini?" Nikakujibu niko sawa. Sikuwa sawa, dada. Ila mambo mengine hayasemeki kwa simu, wewe unakaanga, watoto wanakukata kauli, na mimi nimesimama kwenye foleni ya maji. Ndiyo maana nimeketi kukuandikia. Muuguzi mmoja wa hospitali yetu anateremka Pwani kesho kwa likizo, na amekubali kuibeba barua hii mpaka mkononi mwa shemeji.

Nimeshikwa na wivu, dada. Si wivu wa mume, maana mume sina. Ni wivu wa hadithi. Cheka ukitaka, lakini umenila mpaka nikakonda, na wewe ndiwe mtu wa kwanza ninayemweleza wote.

Unamsikia kila mara nikimtaja Hodhan, jirani yangu ambaye mlango wake unatazamana na wangu. Ni mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana hapa mjini, mzaliwa wa Tarbaj huko Wajir, mrefu, mwenye kicheko kinachofika barabarani kabla yake. Siku niliyohamia hapa, kabla hata sijafungua begi, alikuja na chupa ya chai yenye iliki na tangawizi akaniambia, "Wewe ni mgeni. Kunywa kwanza, shida utasema baadaye." Tangu hapo tumekuwa kama mtu na nduguye. Yeye ndiye aliyenifundisha kula anjera asubuhi kwa chai na mafuta ya simsim, na mimi ndiye niliyemfundisha mahamri. Nikiugua ananikalia kitako. Yale madege ya makorongo yanayokaa juu ya miti mjini nilikuwa nayaogopa, na yeye alikuwa ananishika mkono tukipita chini yake huku akicheka. Nakueleza haya yote ili ujue niliyemwonea wivu si adui. Adui ningemwonea wivu kwa raha zangu.

Sasa, unajua mimi na kuandika tulivyoachana. Wewe ndiwe uliyekuwa ukizisikiliza hadithi zangu huku unakuna nazi, na ukiacha kukuna nilikuwa najua hapo pamenoga. Unajua nilivyopeleka ule mswada Nairobi, na yule mhariri alivyonirudishia na kuniambia, "Kiswahili chako kizuri sana, lakini nimesoma mpaka mwisho sikumwona mtu." Ningetukanwa ningesahau. Neno lile lilinikaa. Nikaja kazini huku, nikawa mtu wa maabara tu, natazama damu za watu kwenye darubini na kuandika majibu, na nikajiambia kuwa hayo ndiyo maandishi yangu. Watu wakiniuliza, "Si ulikuwa unaandika wewe?" nilikuwa nawajibu kama mtu anayeulizwa habari za talaka yake.

Basi miezi miwili kabla ya Ramadhani, kijana mmoja wa maktaba anayeitwa Dakane alibandika tangazo ukutani. Changamoto ya uandishi: kila juma hadithi moja mpya kwa Kiswahili, mwezi mzima, mpaka Shaabani iandame. Chini ameandika kwa kalamu nyekundu: "Anayeandika vibaya karibu. Asiyeandika hana kiti." Hadithi zinapelekwa Alhamisi, zinatiwa kwenye mkebe, na kila mtu anachomoa bila kuchagua, anaondoka na ya mwenzake. Jumamosi baada ya Alasiri tunakutana chumba cha nyuma cha maktaba, na kila mmoja anaisoma kwa sauti ile aliyoangukiwa. Hakuna kujisomea ya kwako.

Hodhan ndiye aliyelileta lile tangazo kwenye simu yake mpaka mlangoni kwangu. "Twende, abaayo," akasema. Ndivyo wanavyomwita dada huku, na akichangamka p humtoka b, na v humtoka f. "Wewe ni mtu ya Bwani. Kiswahili ni maziwa ya mama yako. Mimi nitakuwa wa mwisho, wewe utakuwa wa kwanza, tutarudi nyumbani bamoja."

Nikakataa. Akanibembeleza. Nikakataa. Akasema, "Basi nitaenda peke yangu na Kiswahili yangu ya kiwete, watu wanicheke, na wewe dada yangu umekaa nyumbani." Nikaenda. Na ukweli, dada, moyoni nilijiambia hivi: pale mbele ya hawa nitang'ara. Wao Kiswahili wamekikuta shuleni, mimi nimezaliwa nacho.

Hadithi yangu ya kwanza nikaiandika kwa mbwembwe zote. Binti wa jumbe wa zamani, kasri, marashi, mashairi ndani yake, maneno ambayo Babu mwenyewe angeuliza maana. Alhamisi nikaipeleka, nikatia mkono kwenye mkebe wa Dakane, nikatoa karatasi za Hodhan. Sikuzisoma nyumbani. Nilijiambia nitamsaidia tu siku yenyewe, nitamrekebishia njiani asiaibike.

Jumamosi hadithi yangu ilisomwa na afisa mmoja wa kaunti, mwenye sauti nzuri kabisa. Alipomaliza watu wakapiga makofi ya adabu. "Mashallah, Kiswahili safi," akasema mmoja. "Safi sana," akaitikia wa pili. Halafu mtu akauliza kama feni inaweza kuongezwa kasi. Nikahisi yule mhariri amekaa kiti cha nyuma anatikisa kichwa.

Ikafika zamu yangu kusoma. Karatasi za Hodhan zilikuwa zimejaa makosa ya kila aina, "ngombe ile," "mtu yake," yote. Nikaanza kusoma huku ninarekebisha. Baada ya mistari michache nikasahau kurekebisha.

Ilikuwa hivi. Mzee mmoja huko malishoni amemwacha mke wake kwa hasira ya siku moja. Mke akakunja mkeka wake, akaenda kwa kaka zake upande wa pili wa kisima. Jioni ile ile ng'ombe wao akakataa kukamuliwa. Mzee akajaribu, akapigwa teke. Dada ya huyo mzee akajaribu, akapigwa teke. Kumbe ng'ombe yule amezoea wimbo wa yule mke, na bila wimbo hashushi maziwa. Watoto wana njaa. Ikambidi mzee kila jioni avuke mpaka kwa shemeji zake, asimame mbali, aseme, "Nimekuja kwa sababu ya ng'ombe." Mke anamjibu, "Najua. Ng'ombe ana akili." Anakuja, anaimba, anakamua, anarudi zake. Na kila jioni mzee anasimama karibu kidogo kuliko jana. Mwisho wake mzee anajaribu kujifunza ule wimbo mwenyewe, kwa sauti mbovu, na mke amempa mgongo, anacheka ndani ya shuka ili asionekane.

Dada, chumba kizima kiliachwa kinywa wazi. Mama mmoja muuza vitambaa alikuwa anacheka huku anajifuta macho kwa ncha ya hijabu. Wanaume wawili wakaanza kubishana kama mzee yule anahitaji kufunga ndoa upya au hapana. Mimi nimesimama mbele yao na karatasi mkononi, sauti ni yangu, kinywa ni changu, na furaha yote inanipita ubavuni inamwendea Hodhan aliyejikunyata pembeni ameziba uso kwa aibu. Meno yakanikaa ganzi kama niliyetafuna ukwaju mbichi. Nikatabasamu. Nikampongeza. Njiani akaniuliza, "Kweli ilikuwa nzuri, au wananihurumia?" Nikamjibu, "Ni nzuri, ila kazia ngeli." Ndilo neno nililopata, dada. Ngeli.

Juma la pili likawa baya zaidi. Nikaona, kama watu wanapenda mifugo, basi na mimi nitawapa mifugo. Nikaandika habari za mbuzi mwerevu. Mimi, mtoto wa Vanga, wa bahari na samaki, ambaye mbuzi namjua kwenye sufuria! Iliposomwa Dakane akakuna kidevu akasema, "Naona tumeingia msimu wa mnada wa mifugo." Wakacheka, si kwa ubaya, lakini nilicheka nao huku masikio yanawaka. Hodhan siku hiyo alikuja na hadithi ya mama yake mdogo anayeogopa ngazi, na chumba kikaachwa kinywa wazi tena.

Baada ya hapo nilianza kuwa mtu nisiyemtambua. Hodhan akisimamishwa sokoni, "Wewe ndiye yule wa ng'ombe?" nilikuwa naangalia vitunguu kana kwamba sijawahi kuona kitunguu. Akicheka chumbani kwake nazima feni nisikie anacheka nini. Asubuhi nikiona taa yake imewaka mapema, nasema moyoni, anaandika huyo. Nilikuwa napekua maandishi yake nikitafuta makosa, na nikipata kosa ninafurahi kama niliyeokota dhahabu. Na chai yake bado nakunywa kila jioni! Hapo ndipo simu zangu kwako zilipoanza kuwa fupi.

Halafu kituo kimoja kidogo cha redio kikamwambia Dakane kuwa mwisho wa mwezi kitasoma hewani hadithi moja ya kikundi chetu. Dakane akaniita pembeni. "Riziki, ile ya ng'ombe naiona inafaa. Wewe ndiye mwenye lugha. Mnyooshee Hodhan Kiswahili, makosa tu, halafu nirudishie." Hodhan mwenyewe akanikabidhi karatasi kwa mikono miwili. "Nakuamini, walaal," akasema. Huku wakikuita walaal wamekufanya ndugu.

Nilizikalia karatasi zile tangu Ijumaa. Na nilifanya kazi, dada, usidhani nililala. Palipoandikwa "Ngombe ilisema hapana na miguu yake," nikaandika, "Ng'ombe yule alidhihirisha ukaidi usio kifani." Mzee sikumwacha asimame mbali, nikamfanya "azongwe na majuto." Na yule mke anayecheka ndani ya shuka nikamgeuza akatabasamu kwa bashasha. Hakukuwa na kosa hata moja la ngeli. Kila sentensi niliyoinyoosha nilijua ninachokifanya, na mkono haukusimama.

Nilimpelekea Jumatatu jioni. Akasoma amesimama pale pale mlangoni. Akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena. Aliponiangalia hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

"Walaal," akasema, "mimi nilikuomba utoe madoa. Wewe umeifua nguo mpaka rangi imetoka yote."

"Nimerekebisha Kiswahili tu," nikasema.

"Kiswahili iko. Ngombe haiko." Akakunja karatasi vizuri, akaingia ndani. Jioni ya kesho yake chupa ya chai haikuja. Wala iliyofuata.

Huwezi kujua upweke wa mji wa watu, dada, mpaka jirani mmoja afunge mlango. Hospitalini nilikuwa nafanya kazi kama kawaida, narudi, nakaa kitandani, na kupitia chini ya mlango nasikia harufu ya uunsi wake, ule ubani wanaouchanganya na sukari na marashi wakauchoma jioni nguo na nyumba zinukie. Mimi nilishanunua uunsi ule ule, kwa muuzaji wake yule yule, nikauchoma kwa makaa yale yale. Kwangu unatoa moshi tu. Nikiwa nimekaa hivyo, nimejaa chuki na uunsi wa mtu, nikashika kalamu nikaandika: "Salma alijua saa ya jirani yake kuchoma uunsi kuliko alivyojua saa za sala."

Sikusimama. Nilimwandika huyo Salma na vituko vyake vyote, ambavyo vilikuwa vyangu. Anavyofunga dirisha kwa kishindo. Anavyomsifia jirani kwa sauti ili watu wasiujue wivu wake. Anavyouliza bei huku anajua bei. Sikutafuta neno gumu hata moja, sikuwa na nafasi. Mwisho nikamfanya Salma aende kuomba kaa la moto kwa jirani, na humo ndani akakuta mgonjwa wa siku nyingi amelala na kidonda, na uunsi ule wote ulikuwa wa kuficha harufu. Salma akalia, akajuta. Nikaona nimemaliza vizuri. Nikaipeleka Alhamisi, juma la mwisho, na mkebe wa Dakane haukunihurumia: karatasi zangu zikamwangukia Hodhan.

Siku iliyofuata, baada ya sala ya Ijumaa, mlango wangu uligongwa. Hodhan, na karatasi mkononi. Hakuingia. Akakaa kwenye kizingiti, miguu nje.

"Huyu Salma ni wewe," akasema.

Nikamjibu, "Ni mimi."

"Na jirani ni mimi."

"Ni wewe." Nikaona nimeshafika huko, nimalize. "Na ng'ombe wako nilimuua makusudi, Hodhan. Haikuwa bahati mbaya. Nisamehe."

"Najua. Mimi ni mwalimu ya hesabu. Mtoto akinibatia jibu mbaya, sitazami jibu, natazama njia." Akapekua karatasi mpaka ule ukurasa wa mwisho, akaugonga kwa kidole. "Hiyo nimesamehe tangu juzi. Lakini hii sijasamehe. Huyu mgonjwa ametoka wapi?"

Sikuelewa. Nikamwambia hadithi lazima iwe na funzo.

"Kwa nyumba yangu hakuna mgonjwa," akasema. "Umeniwekea mgonjwa ndio unihurumie. Ukinihurumia, roho yako inabumzika. Mimi sitaki. Uunsi yangu inanukia fizuri kwa sababu inanukia fizuri, basi! Kuna mtu anajua kuchoma uunsi kuliko wewe, na yeye ni mzima, anakula, analala, na hana kidonda. Sasa utafanya nini? Andika hiyo."

Akaniwekea karatasi mapajani. Akanyanyuka, akaenda kuanika nguo zake.

Dada, nilikasirika! Nilizunguka chumba nikisema peke yangu, mtu wa hesabu ananifundisha mimi hadithi. Lakini nilipokaa kuisoma tena, nikaona amesema kweli. Salma alikuwa mzima mpaka pale nilipomfungulia mlango wa huruma, hapo akageuka ubao. Nikamtoa mgonjwa. Nikaacha nyumba ya jirani iwe safi, na jirani mchangamfu, akimweleza Salma kila anachochanganya bila kuficha, hata akampa pakiti nzima aende nayo. Salma akaenda kuchoma. Haikunukia vile. Akakaa. Akachoma tena, wapi. Mwisho akainuka, akalifungua lile dirisha la upande wa jirani, akarudi kukaa.

Basi, nikaishia hapo. Nikaweka kalamu. Nikampelekea Hodhan. Akasoma, akasema, "Haya," akaingia ndani. Lakini jioni ile chai ililetwa.

Jumamosi akaisoma mbele ya watu. Mimi nilikaa nyuma karibu na mlango, tayari kutoroka. Anasoma Kiswahili changu kwa matamshi yake, jirani anakuwa "mtu ile," dirisha "lile inafungwa," na nilitegemea nitaumia. Sikuumia. Salma alionekana kama aliyezaliwa hapo hapo. Alipofika pale Salma anapouliza bei huku anaijua, yule mama muuza vitambaa akapiga paja lake, "Huyo amekuja dukani kwangu!" Alipomaliza, wakaanza kusema wote kwa pamoja.

"Angelifungua dirisha siku ya kwanza, asingesumbuka!"

"Huyo jirani naye ana maringo."

"Maringo yako wapi, si amempa pakiti nzima?"

"Ndiyo maringo yenyewe hayo!"

Yule afisa wa kaunti akasimama kabisa, akainua mkono kama yuko barazani. "Mimi huyu mwanamke namjua," akasema. "Anakaa kule mtaa wa Iftin." Chumba kikaangua kicheko, na watatu wakataka jina lake.

Dada Mishi, hakuna aliyetaja Kiswahili changu. Hata mmoja. Nilitoka nje nikasimama ukutani nikalia kidogo, kisha nikarudi ndani kabla hawajamaliza sambusa.

Usidhani yakaishia kwa asali. Dakane alipotangaza hadithi ya redio, ilikuwa ile ya ng'ombe, kama alivyoiandika Hodhan, na makosa machache tu yameondolewa. Wakamshangilia. Mimi nikapiga makofi, na meno yangu, wallahi, yakakaa ganzi vile vile. Tuliisikiliza pamoja chumbani kwake, yeye amejifunika uso na mto, na mimi nasikia kila sentensi nzuri ikipita nikisema, hii ningeiweza, hii nisingeiweza. Nyingi nisingeziweza. Wivu haujanitoka, dada, na sasa simdanganyi mtu kwamba utanitoka. Ila zamani ukinishika nilikuwa nalala. Siku hizi ukinishika, naandika. Baada ya Alfajiri, kabla ya kwenda hospitali, nakaa na kalamu, na sijisikii tena kama mwizi anayeshika kitu cha watu. Ule mswada wa Nairobi nimeufunga kwenye mfuko, sina haja nao. Nimeanza mwingine, wa mwanamke anayekuja kuchukua majibu ya vipimo. Usiniulize mwisho wake, hata mimi siujui.

Nisalimie Mama, umsomee zile sehemu zenye kuchekesha tu, na umwambie ng'ombe wa Hodhan ni mzima. Msalimie shemeji, mwenye duka na subira zake. Shangazi mpe mkono wangu, mwambie majani yake nayasikia mpaka Garissa. Mjomba Bakari, kinyozi wetu, mwambie bado namdai shikamoo za watoto wake wote. Na hao wanao watatu wabusu kila mmoja kwa zamu yake, asije mmoja akamwonea mwenziwe wivu, maana nimejua unavyouma.

Nilikuwa nataka kuishia hapa, lakini Hodhan amepita sasa hivi na chai, akaniona nimeinama. Akadhani naandika hadithi. Akasema, "Nisomee." Barua yako sikumsomea. Nilimsomea mwanzo wa ule mswada mpya: "Habiba aliziogopa habari njema kuliko mbaya, maana mbaya alikuwa na mahali pa kuziweka."

Hakusema mashallah. Hakusema safi. Aliniomba nirudie, nikarudia. Akasimama pale, chupa mkononi, anatazama ukuta. Kisha akageuka na chai yake bila kunimiminia, na alipofika mlangoni kwake akanipigia kelele ambayo majirani wote wameisikia:

"Riziki! Leo usiongee na mimi! Nimeona wifu, wallahi, wifu mbaya!"

Dada, nacheka peke yangu kwa furaha, na chai sijanywa.

Mdogo wako anayekupenda,
Riziki